Kitanda cha Mama Mkwe

Sikusoma mbali, na pengine nakosea kuandika haya. Lakini nitaandika kwa haki, hata pale haki inaponiuma mwenyewe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa kupima majani chai, nikiishi Kaplong kwa ploti ya kaunsili. Kwetu ni upande wa ziwa. Mama mkwe wangu aliugua mguu, akaandikiwa sindano za wiki nyingi kwa hospitali ya misheni. Sasa, kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Afadhali alale nje. Nikamjengea chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba.

Sheria niliijua. Siku ya kupewa ploti tulisomewa: nyumba ya kulala ni moja, nyuma ni jiko, choo, stoo na zizi tu, tena futi kumi kutoka kwa ua. Anayetaka kulaza wageni aombe kibali. Sikuomba. Niliona chumba cha mama mkwe si jambo la kupelekea ofisi.

Jirani yangu alikuwa mwenyeji wa hapo, mzee wa kanisa letu, mwenye ng'ombe watatu. Alinichungulia juu ya ua wa miiba ya kayaba akasema, "Jirani, umefungua gesti na hata chai hujatualika?" Nilicheka. Wiki iliyofuata afisa wa kaunsili akabisha. Alikuwa ameambiwa nalaza wageni, na aliyemwambia ni jirani. Lazima niseme: kabla mama hajafika, wenzangu wawili wa kazini walilala kwa kile chumba siku lori lao lilipokwama kwa matope. Kwa hivyo jirani hakusema uongo mtupu.

Afisa aliona kitanda, akauliza ni cha nani. Mwanamume wa kwetu hataji kitanda cha mama mkwe, hata mbele ya serikali. Nikaangalia viatu vyangu. Mke wangu angekuwepo angemaliza hayo maneno kwa pumzi moja, lakini alikuwa amempeleka mama sindano. Afisa akaandika gesti. Alinipa siku saba nitoe kitanda, la sivyo chumba kibomolewe.

Kiburi kilinizuia kumtuma mke wangu ofisini akaeleze. Kitanda kikatoka. Mke wa jirani aliposikia, akaja akamchukua mama, akampa chumba kwake na maziwa ya mursik kila asubuhi. Watu walisifu. Mimi nilihisi nimetukanwa mara ya pili: mume anifukuzie mama, halafu bibi yake amlishe.

Jumapili walipokuwa kanisani, nilipita kwa ua na kipimo. Zizi lao lilikuwa karibu sana na ua. Nilipima mara tatu maana sikutaka kumsingizia mtu. Nikapata futi nne na nusu, nikaandikia kaunsili barua ya nne na nusu, na chini yake nikatia sahihi yangu mwenyewe. Barua ile sijawahi kuijutia vya kutosha. Hata leo nikiikumbuka naisikia tamu mdomoni.

Watu wa kaunsili walilivunja zizi mchana, bati moja moja. Nilisimama kwa ua nikinywa chai.

"Umeshiba sasa?" jirani akaniuliza.

"Sheria ni ya ploti zote, jirani," nikamjibu.

Ng'ombe walipelekwa kwa dadake kule Mogogosiek. Nilikuwa na furaha siku tatu nzima. Sitaipunguza nionekane mtu mwema.

Siku ya nne mama mkwe alijua ni nani aliandika. Akafunga mzigo, na sindano nne bado. Mke wangu alimsihi pale mlangoni kwa jirani. Mimi nilisimama mbali, barabarani, kama heshima inavyotaka. Mama hakunitazama. Alimwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mume wako siwezi kulala kwa watu aliowabomolea. Kwake hakuna pa kulala, na hapa amenitoa yeye."

Mkwe hajibizani na mama.

Mguu ulipona au haukupona, mke wangu hakuniambia, nami niliogopa kuuliza. Mwenye kumbebea mzigo mpaka stendi, akimshika mkono kwa yale matope, alikuwa jirani. Maneno ya zizi tulishayamaliza. Hilo la mzigo ndilo nashindwa kumsamehe mpaka leo.