Stima Haikuwa kwa Gitaa

Ndugu zangu wa Kitengela, na yeyote mwingine atakayesoma. Pasta aliniomba nisimame mbele niseme vile mikono yangu ilirudi. Nilisimama nikalia, nikakaa chini. Kwa hivyo nimeandika. Shule niliacha kidato cha pili, na kila nikisoma hii kazi naona pahali pa kufuta. Lakini nikifuta yote hamtapata kitu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, nikapata kazi ya kupakia magunia kwa kiwanda cha simiti, tukakodisha chumba hapa Kitengela mimi na bibi yangu, Mama Nekesa. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa vichinjio, maduka machache na tope nyeusi ya kuvua mtu viatu. Jumapili nilipiga gitaa kanisani. Napiga ya kwetu: kidole gumba kinatembea chini, kidole cha shahada kinaimba juu, na mtu kando anagonga chupa ya soda. Nikisema nilikuwa fundi nitakuwa najisifu. Nikisema sikujua nitakuwa nadanganya.

Gitaa ya kanisa ilikuwa ya stima, na amplifaya yake ilikuwa inapiga shoti. Ukishika nyuzi, vidole vinawaka mpaka kiwiko. Sisi wapigaji wa makanisa ya mabati tumeizoea hiyo. Unavaa slipa za raba ama unasimama juu ya ubao, unaendelea na ibada.

Wakati huo ndio Halvor alianza kuja kwetu. Alikuwa mtu wa Norwe, mrefu, anakaa Kajiado kwa sababu bibi yake, Ingunn, alifanya kazi ya visima vya maji. Alikuwa amesikia Mama Naserian, mwimbishaji wa kwaya yetu, akiimba na akina mama kwa soko ya mifugo Kajiado, akamfuata mpaka kanisani. Mama Naserian alimtambulisha hivi: "Huyu anasema kwao ni mtu wa nyimbo. Mimi naona tu ni mtu wa kushangaa." Halvor akacheka kuliko sisi.

Ugonjwa ulianza na tumbo kuendesha. Sitasema ni nyama niliyokula na wenzangu wa kazi, kwa sababu wao walikula wakawa sawa. Tumbo likapona. Baadaye kidogo, nikipiga gitaa, vidole vikaanza kuwasha. Nikajua ni ile amplifaya. Nikavaa slipa. Nikaongeza ubao. Mwishowe nikavaa gambuti za kazi, na Mama Naserian akaniuliza kama naenda kuvua samaki. Hata nyumbani niliwashwa, mpaka vidole vya miguu. Nilifikiri stima imebaki mwilini, vile joto hubaki kwa sufuria. Zahanati walinipa dawa ya malaria, na siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia naumwa kichwa, sikutaja vidole. Nani anaenda kushtaki gitaa kwa zahanati?

Jumamosi moja tulikuwa na mazoezi. Nikashika gitaa, nikaiweka chini haraka, nikasema leo imezidi, inauma kama nyuki. Halvor aliniangalia, akaangalia taa.

"Wafula," akasema, "stima imepotea tangu asubuhi."

Kwaya ikacheka sana. Hata mimi. Yeye hakucheka. Alikuja akashika mkono wangu, akaniambia nifinye kidole chake. Nilifinya na nguvu yangu yote. Akasema, "Nimesema finya." Hapo nikaogopa.

Nilipotaka kuingia gari lake, goti lilijikunja, nikaanguka. Tukaenda hospitali ya Kajiado na Mama Nekesa. Daktari aligonga magoti yangu na kinyundo cha raba, na miguu haikuruka. Akasema nipelekwe Nairobi saa hiyo hiyo. Kufika Nairobi, miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Daktari wa huko alikuwa mama mpole. Alieleza kwamba kinga ya mwili ilipigana na ugonjwa wa tumbo, ikashinda, halafu ikakosea ikaanza kupiga mishipa yangu ya fahamu. Alisema huu ugonjwa hupanda, husimama, kisha hushuka, na kazi yao ni kunilinda mpaka ushuke.

Ukapanda. Mikono ikalala. Uso ukalegea, mate yakashuka, jicho moja likakataa kufunga, wakalibandika plasta. Niliwekwa mpira wa mkojo na nepi kama mtoto. Halafu kifua kikachoka, nikawekwa mrija wa kupumua kooni, nikanyamazishwa. Lakini akili ilikuwa nzima, nasikia kila kitu. Shemeji yangu alisema nimerogwa na mtu wa kazini. Niandike pia kwamba huyo huyo shemeji ndiye alinigeuza na kunipangusa, na hakuona kinyaa.

Mama Nekesa alijua swali langu, akaniulizia. "Daktari, atapiga gitaa tena?"

"Apumue kwanza, mama," daktari akasema.

Halvor alikuwa anakuja kuniona, na kwa sababu mimi siongei, aliongea yeye. Hapo ndio nilijua maisha yake. Alizaliwa kisiwa kidogo chenye baridi, baba yake akitengeneza injini za mashua. Gitaa ya kwanza aliipata kwa mjomba wake, imepasuka, akaifunga na gundi ya mashua. Yeye na vijana watatu wakaanzisha bendi, wakaimba za mapenzi za vijana, redio ya kwao ikazipenda, wakazunguka nchi nzima. Ingunn, ambaye hapendi chumvi kwa hadithi, alinirekebishia baadaye: Halvor hakuwa mtu mkubwa, alijulikana zaidi na wale wanaosoma maandishi madogo nyuma ya kaseti.

Halafu vidole vyake viwili vya kushoto vikaanza kujikunja vyenyewe akiwa jukwaani. Akishika kikombe, viko sawa. Akishika gitaa, vinajikunja. Madaktari wakashindwa. Bendi ikatafuta mtu mwingine. Alikaa chini muda mrefu, akiona aibu. Halafu akaanza kuandika nyimbo akiwapa wengine waimbe. Wimbo mmoja wanauimba kwa harusi huko kwao mpaka leo, na wengi hawajui ni wa nani. Nilipopata sauti nilimuuliza kama hiyo haimuumi. Akafikiri. "Inauma kidogo," akasema. "Lakini nikisimama nje ya harusi nausikia, naenda nyumbani na furaha." Mimi sijui watu wengi wanaoweza hivyo. Mimi singeweza.

Ugonjwa ukasimama, kisha ukashuka pole pole. Mrija ukatolewa. Bega likatikisika. Mama wa mazoezi ya viungo alinikalisha, nikaanguka kando kama gunia, akanikalisha tena. Miguu ilichoma kama pilipili. Nilijifunza kutembea nikishikilia fremu ya chuma, nikarudishwa Kitengela.

Lakini vidole havikusikia kitu. Waliniletea gitaa ya kanisa nyumbani, nikashika nyuzi nikaona ni kama nimevaa glavu. Nilimwambia Mama Nekesa gitaa waipe mtu mwingine. Halvor alikataa. Alilegeza nyuzi mpaka zikapatana zenyewe bila kufinywa, akalaza gitaa juu ya mapaja yangu, akachukua ile chupa ya soda ya mgongaji wetu akaniwekea kwa mkono wa kushoto. "Telezesha," akasema. Ikalia kama mtu anaimba. Nisimfanye malaika, alikuwa mkali. Alisema "tena" mpaka siku moja nikamfukuza nyumbani kwangu. Akaenda, akarudi Jumamosi iliyofuata kama hakuna kitu ilifanyika.

Siku ya kurudi kanisani nilikuwa miguu tupu, maana miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Stima ilikuwepo. Wakaunganisha gitaa na amplifaya, wakanipa. Nikaiweka mapajani, nikagusa uzi.

Ikanipiga mpaka kiwiko.

Nikaondoa mkono. Nikagusa tena. Ikanipiga tena. Nilianza kulia, na kwaya wakadhani ugonjwa umerudi. Nikamwita Halvor, nikamwambia ashike. Akavua viatu na soksi, akashika, akaruka nyuma.

"Hii sasa ni gitaa," akasema.

Mama Naserian akaanzisha wimbo hapo hapo, bila kuuliza mtu ni ufunguo gani wa muziki.

Halvor na Ingunn walirudi kwao, tayari tuko miaka ya elfu mbili. Kidole changu kidogo cha kushoto hakijarudi, na nimejifunza kumwachia Mungu. Namshukuru Mungu, Mama Nekesa, shemeji, madaktari, na huyo mtu wa Norwe aliyejua mkono uliokataa ukoje. Kwako unayesoma: mwili ukiwasha, usimalize wiki ukitafuta slipa. Nenda hospitali, utaje vidole. Na kama uko kitandani saa hii huwezi kusema, ujue nilikuwa hapo, na nimetoka.

Ile Jumapili, ibada ikiisha, Pasta alisema Jumatatu fundi atakuja kufunga waya ya ardhi ili amplifaya isiumize mtu. Ni kitu cha maana. Lakini nilimuomba fundi angoje mpaka Jumapili nyingine ipite, vidole vyangu viisikie mara moja tena.