Mdomo wa Mbuzi

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mkalimani wa nyumba yetu. Tulikaa Kilburn, juu ya duka la mazulia, na juu yetu alikaa Miss Ivy, mzee wa Kijamaika, pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Mkubwa, Marcia, alikuwa rika langu. Mdogo, Dwayne, alikuwa bado mchanga. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee kwa shifti, na ndiyo maana alimleta Bibi kutoka Mombasa aje kutulea, mimi na mdogo wangu. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kila alichotaka kusema kilipitia kinywani mwangu, na Mama alikuwa ameniusia: usipunguze, usiongeze.

Maneno ya Miss Ivy niliyajifunza mezani kwake baada ya shule. Pikni ni mtoto. Nyam ni kula, tena kula kwa hamu mpaka sahani ing'ae. "Njoo u-nyam, pikni," alikuwa akiniita, huku akinipakulia wali na maharagwe. Duppy ni mzimu wa aliyekufa, na dawa yake chumvi. Obeah ni uchawi, na neno hilo halikutajwa kwa sauti. Kusonya hawakuhitaji kunifundisha. Walisonya kama sisi, kwa maana ile ile, na Bibi alipowasikia ngazini mara ya kwanza alicheka. "Kumbe hawa watu wa kwetu!"

Siku Bibi alipopanda kumwona mtoto, Miss Ivy alimpa kiti kizuri. Bibi akafunua shali taratibu, akamtazama yule mtoto, na mimi nikamwona uso unavyomlegea kwa mapenzi.

"Lo! Mbaya huyu!" akasema. "Mbaya kama chura! Hata mchawi hamtaki!"

Aliyezaliwa pwani hahitaji kuelezwa. Mtoto mzuri hasifiwi waziwazi. Huitwa mbaya, ili jicho lisimwone na lenye kudhuru lipite njia yake. Bibi alikuwa anampa Dwayne kinga aliyowapa wanawe wote.

"Anasemaje?" Miss Ivy aliniuliza, anatabasamu.

Nikatafsiri bila kupunguza. Mbaya, chura, vyote. Na kwa mchawi nikatumia neno lao wenyewe, obeah, nikiona fahari kulijua.

Miss Ivy akamtwaa mtoto, akamkumbatia kifuani. Hakupaza sauti. Alisema maneno mawili tu, "Goat mouth," akamgeukia binti yake, na binti yake akaenda kufungua mlango. Bibi alishuka ngazi akidhani tumeondoka kwa sababu mtoto anataka kulala.

Kesho yake tukienda shule, Marcia alinieleza. Mwenye mdomo wa mbuzi akikunenea baya, baya lile huja kweli.

"Mbona bibi yako amemwekea Dwayne mdomo?"

"Kwetu ndivyo mtoto anavyosifiwa."

"Muongo! Nani anasifu hivyo? Butu nyie." Butu ni mshamba, mtu asiyejua ustaarabu. Lakini alicheka, na nikamega chokoleti yangu nikampa nusu.

Jioni nilimsimulia Mama. Alikuwa bado hajavua viatu.

"Umemwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mama akashika kichwa. "Jumapili niko off. Nitapanda niwaeleze."

Jumapili haijafika, mtoto akafa. Walimkuta asubuhi kitandani mwake, hapumui. Daktari aliwaambia kwamba watoto wachanga wengine huondoka hivyo, na hakuna aliyekosea. Mama alimsihi Bibi asipande. Bibi akamshangaa.

"Jirani amefiwa, mimi nikae? Nitamjibu nini Mungu?"

Mama alipokwenda kazini, Bibi akakaanga mahamri, akavaa buibui, akanishika mkono. Kule juu mlango ulikuwa wazi. Wajamaika nao hukaa matanga, usiku baada ya usiku hadi wa tisa, na mchana ule watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Miss Ivy akatoka, macho yamevimba.

"Yu granny nyam di pikni," aliniambia.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

Niliitazama sahani ya mahamri mkononi mwake. Marcia alikuwa nyuma ya nyanya yake, ameshika sketi yake. "Mwambie basi," akasema. "Si unajua maneno yetu yote?"

Bibi akanifinya mkono. "Sema."

"Anasema umemla mtoto."

Laiti lingekuwa neno lisilo na mwenzake kwetu. Lakini kwetu pia wachawi hula watu, na Bibi alielewa kama alivyoelewa Miss Ivy, bila tofauti hata ya punje. Binti wa Miss Ivy akaipokea sahani, na kwa dakika moja nikadhani ameikubali. Akaimwaga ngazini. Bibi akainama, akayaokota mahamri moja moja, kwa sababu chakula hakikanyagwi, na watu wakawa wanampita.

Usiku ule na uliofuata Bibi alikuwa ananiuliza jambo moja.

"Wewe ulikuwepo. Kabla sijamwita mbaya, nilisema mashallah?"

Mama alinikazia macho juu ya kichwa cha Bibi.

"Ndiyo, Bibi."

"Umefikiri kwanza," Bibi akasema.

Hakumbeba tena mdogo wangu. Aliacha kutuaga kwa kutushika vichwa. Alirudi Mombasa mapema kuliko ilivyopangwa, na ngazini hakuna aliyefungua mlango kutazama.

Mama huita jambo lile ujinga wa watu wasiosoma. Mimi nimelitafakari zaidi yake, na naona kwamba katika jengo lile lote hakuna walioelewana kama wale wazee wawili. Daktari hakumpa Miss Ivy mtu wa kumlaumu, Bibi akampa. Na Bibi, ambaye maisha yake yote aliamini kinywa kinaweza kuua, angeanzaje kukitetea chake?

Nilipojifungua binti, miaka ya elfu mbili, nilimpeleka Mombasa. Tulimkuta Bibi kitandani. Alisikia mtoto analia mlangoni, akavuta leso usoni, akageukia ukutani.

"Bibi, ni wa kwako huyu. Mtazame tu."

"Mtoe," akasema. "Mtoe, nisije nikampenda."

Nilikaa na binti yangu barazani mpaka alipolala. Mlangoni mwa chumba cha Bibi, watoto wa jirani walipita wakiwa wamejifunika nyuso kwa mikono ili asiwaone, kama walivyofunzwa na mama zao.