Kijiko Mara Sita

Ting. Kijiko cha chai kikigonga kikombe cha bati, halafu mwangwi mdogo unaofifia polepole. Ndivyo Baba alivyokuwa akiniita tangu utotoni. Hata leo mtu akikoroga sukari kwenye hoteli yoyote hapa Eldoret, nageuka.

Baba alipopooza upande mmoja, sauti yake ikabaki ya kunong'ona tu. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kwenye cyber, duka la intaneti nililofanyia kazi, walikuwa wameniachia laptop kuukuu, nami nilikuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo laptop. Nikaiweka jikoni, nikapitisha waya wa kibodi ya pembeni kwenye tundu la ukuta mpaka kitandani kwake. Nikaandika programu mbili. Ya kwanza kazi yake ni kungoja Baba abonyeze, kisha inaipelekea ya pili ishara. Ishara ya kompyuta haibebi maneno, ni kama kumgusa mtu bega. Ya pili ikiguswa, inacheza mlio wa kijiko, niliourekodi kwa simu.

Tukapatana: mlio mmoja, nataka mtu wa kuongea naye. Miwili, chai. Mitatu, njoo mbio.

"Engineer wangu," akaninong'oneza, "sasa umenifanya kengele ya shule."

Siku hiyo aliagiza chai mara nne na hakumaliza hata kikombe kimoja.

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati, nilisikia milio miwili. Nikacheka peke yangu, nikabandika maziwa, nikangoja yachemke vizuri vile anavyopenda. Nilipoingia na kikombe, Baba alikuwa ameshaenda. Kidole kilikuwa bado juu ya kibodi.

Baada ya mazishi, binamu yangu anayesomea kompyuta chuo cha Chepkoilel aliifungua ile laptop. Programu ya kwanza ilikuwa ikiandika kila Baba anapobonyeza. Ya alasiri ile tukakuta mistari sita, yote ndani ya sekunde chache.

"Ishara hazipangi foleni," binamu akasema. "Hii ya pili ikiwa bize na mlio wa kwanza, inawekewa ishara moja tu ya kungoja. Zingine zinapotelea humo humo. Ndiyo maana ulisikia miwili tu."

Kumbe nilipokuwa nikizijaribu programu nilibonyeza polepole, nikisubiri kila mlio uishe. Hata Baba, akiwa na nafasi, alibonyeza hivyo. Mtu mwenye hofu habonyezi hivyo.

Daktari alimwambia Mama kwamba hata ningekimbia, hakuna kitu ningefanya. Sawa, namwamini. Lakini Baba angeniona nikiingia.

Jana Mama alienda sokoni. Programu zote mbili bado zinangoja, sijaweza kuzifunga. Nikaandika amri, nikaipelekea ile ya pili ishara, mara moja tu.

Ting.

Nikazima jiko, nikajipangusa mikono, nikaenda chumbani kwake. Nikavuta kiti karibu na kitanda na kuanza kumweleza vile mahindi yameota.