Bawa la Kushoto

Ashukuriwe Mungu aliyetuamsha leo na pumzi zetu bado zimo, ambaye hachoki kutungojea sisi tunaochoka upesi. Kwa jina lake naanza. Nanyi mnaosoma mnivumilie, kwa maana siku hizi za vita moyo wangu hautulii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga tena. Ndege ikipita juu ya Butembo, sote tunainua macho kwanza, kisha ndipo tunaendelea na mazungumzo.

Wiki iliyopita nilipita kwa fundi viatu hapa Kimemi. Alikuwa amepasha msumari kwenye makaa, akauchomeka katika soli ya kandambili, na ule moshi mchungu ukaniingia puani. Nikashika ukuta.

"Mama, ukikale kwanza," fundi akasema, akinisogezea kiti. Alidhani nina kizunguzungu. Sikuwa nacho. Nilikuwa tu nimerudi kwenye umri wa miaka kumi na moja.

Wakati huo mimi, Masika, na kaka yangu Kambale, aliyenizidi miaka miwili, tulikuwa na ugonjwa wa kutengeneza ndege na magari ya askari. Ole wake aliyeyaita michezo mbele yetu! Kopo la sadini lilizaa kifaru, na mrija wa kalamu ukawa mzinga wake. Kwa magurudumu tulipasha moto kipande cha bomba, tukakikandamiza kwenye soli kuukuu, yakatoka mviringo kama hostia. Mbawa tulizichonga kutoka moyo mwepesi wa bua la mtama. Gundi yetu ilikuwa ulimbo, utomvu wa mkuyu uliochemshwa, ule ule ambao watoto wengine waliutumia kunasia ndege wa porini.

Lakini fahari yetu ilikuwa vipimo. Kule uwanja wa ndege wa Rughenda hatukuruhusiwa kusogea karibu. Basi tulingoja ndege iondoke, halafu tukapima alama za magurudumu yake kwenye udongo kwa kamba yenye mafundo. Fundo moja la uwanjani lilikuwa upana wa kidole kimoja nyumbani. Kambale aliandika yote kwenye kayé, daftari lake la shule.

Baba yetu alikuwa seremala na katekista, na kazi hizo mbili alizifanya kwa mkono mmoja. Akiona kiti kimeachwa bila kulainishwa alisema, "Mungu hakuachaka mukono wa Adamu pa nusu." Neno hilo lilinikaa rohoni, na mtaona lilinifanyia nini.

Siku moja ya likizo tulikuwa tumeinama juu ya alama za kamio, lori la jeshi, kando ya uwanja, Kambale na kamba, mimi na kopo la ulimbo tuliokuwa tumetoka kuugema. Kivuli kikasimama mbele yetu. Walikuwa wawili: komanda mnene mwenye miwani, na askari kijana, mashavu yamebonyea, suruali imefungwa kwa kamba.

"Nani alibatuma kupima magari ya serikali?" komanda akauliza, na kayé ilikuwa tayari mkononi mwake.

Kambale alificha kamba mgongoni. Nikajibu mimi. "Hapana mutu, papa. Tuko natengeneza ndeke."

"Ndeke?" Yule kijana akacheka. "Mutoto, ndeke ni Nzambe tu anatengenezaka!" Kisha akaona kopo langu, akachovya kidole, kikanata. "Ah! Komanda, iko ulimbo. Hawa banategaka ndeke. Nyama hiyo!"

Wasomaji wangu, kwetu ndeke ni ile ya chuma yenye injini. Kijana yule alikulia kwenye Lingala, ambamo Nzambe ni Mungu, na kwao ndeke ni mwenye manyoya, anayeliwa. Mimi hilo sikulijua.

"Kama ni kweli, ulete hiyo ndeke tuone," komanda akaniambia. "Huyu anabaki."

Nilikimbia hadi nyumbani, ilikuwa kama saa saba mchana. Baba alikuwa amekwenda mafundisho, mama shambani. Ndege yetu ilikuwa juu ya kabati, kazi ya miezi mingi, nzuri kuliko zote tulizowahi kuunda. Ila bawa la kushoto lilikuwa bado.

Niliishika, nikaenda nayo mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikatoka tena, nikarudi tena. Nilijiambia kwamba askari akiona ndege ya bawa moja atasema tumemdanganya, na Kambale hataachiwa. Nikaketi nikachonga. Kisu kiliteleza, nikaanza upya. Ulimbo ulikataa kukauka, nikaupepea kwa kifuniko cha sufuria. Kila nilipofikiria kuinuka nilisikia ule mkono wa Adamu, nikalainisha kidogo tena. Bawa liliposhika, jua lilikuwa limeshuka sana.

Nilimkuta Kambale ameketi chini, mikono juu ya magoti. Kamio lilikuwa tayari kuondoka, mizigo imefungwa. Yule kijana alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, mbele ya sufuria ya maji, kikombe mkononi, amenuna. Nikapiga magoti, nikamwekea ndege yangu miguuni kwa mikono miwili.

Aliitazama. Akatazama nyuma yangu, kama kwamba kuku yuko anakuja. Wenzake waliokuwa juu ya kamio wakaangua kicheko.

"Pika basi! Utaanza na bawa ao na mukia?"

"Utie chumvi kwa gurudumu!"

Komanda akatoka kivulini. Aliiinua ndege, akaiweka kando ya kayé, akapima kwa kidole chake kinene, akasoma, akapima tena. "Kumbe ni kweli," akasema taratibu. Akatuonyesha njia kwa kidevu. Ndege na kayé vilibaki kwake.

Njiani Kambale alitembea nyuma yangu polepole. Nilidhani ameshangazwa na ushujaa wangu.

Kwa miaka mingi nimewasimulia watoto wa katekesi kisa hiki, na somo langu lilikuwa: toa unachokipenda, umwokoe ndugu yako. Kambale akiwapo alitazama viatu vyake.

Mwaka jana alikuja kukaa kwetu, kwa sababu upande wa Mangina, anakolima kakao, watu walikuwa wakihama tena. Jioni moja niliwasimulia majirani ile habari. Walipoondoka akaniuliza, "Masika, ile siku ulifikaka nyumba saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na ulirudia saa kumi na moja." Hakuwa na hasira. "Ulipoondoka, komanda alisema: maji ikichemka na ndeke hakuna, huyu anapanda kamio, atajieleza Beni. Akaenda kulala. Dada, niliangalia ile sufuria kuliko ninavyoangaliaka altare. Maji ikianza kulia, ule kijana anaangalia njia, anatia kikombe ya maji ya baridi. Inatulia. Ikianza tena, anatia tena. Alinituma mara mbili kuchota mengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana na ndeke yako."

Tangu hapo sijalisimulia somo lile kanisani. Kaka yangu alinunuliwa kwa vikombe vya maji, na aliyevimimina alikuwa na njaa. Kila kikombe kilisogeza mbali chakula chake mwenyewe, naye hakuwa ndugu yetu, wala lugha yetu hakuijua vizuri. Mimi nilikuwa nyumbani nalainisha bawa, na nikamwita Mungu shahidi wa uzembe wangu. Jina la kijana yule silijui. Namwombea hivyo hivyo, bila jina.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Siku maji yako yakikaribia kuchemka, akupe mtu wa kuyatuliza. Na siku kikombe kitakapokuwa mkononi mwako, asikuache ukauliza kwanza mtoto huyo ni wa nani. Amina.