Njia ya Maporomoko Inapita Zizini

Nimeuza kahawa Dodoma kwa miaka mingi, kwenye kona moja karibu na stendi, na wateja wangu wananiita Mzee wa Kahawa ingawa mvi bado sina. Siku moja mwanafunzi aliyekuwa akinywa kikombe chake aliniuliza kama kahawa inaota kwenye mti au ni mmea unaotambaa. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba ni mti. Ukweli ni kwamba nilibahatisha. Nilipomsimulia mke wangu jioni ile, alicheka mpaka akakaa chini. "Mrisho, nenda kaione," akaniambia, "usije ukazikwa na aibu hiyo." Nikamkabidhi mdogo wangu jiko na birika, nikabeba begi la mgongoni, nikapanda basi la Kagera.

Kayanga, mji mkuu wa wilaya ya Karagwe, nilifika nikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Jambo la kwanza nililotafuta lilikuwa chakula, maana mimi na njaa hatujawahi kuelewana. Mama ntilie mmoja alinipakulia ndizi za kupondeka zilizopikwa na nyama, nikamaliza, nikaomba nyingine. Meza ya jirani wakaanza kucheka. Walikuwa wawili: msichana mwenye kilemba cha njano aliyeitwa Advera, na binamu yake Respicius, dereva wa bodaboda, kijana mwenye meno ya mbele yaliyoachana na maneno mengi yanayopitia hapo.

"Huyu si mgeni," Respicius alisema. "Mgeni gani anakula ebitoke, ndizi zetu hizi, namna hiyo? Huyu alipotea utotoni, ndiyo sasa anarudi."

Nilipowaambia kwamba nimekuja kuuona mbuni, mti wa kahawa wenyewe, Advera aliacha kucheka akanitazama vizuri. Kwao ni Isingiro, wilaya ya Kyerwa, na kahawa imezunguka nyumba yao pande zote. Tena amejenga chumba cha wageni, chake mwenyewe, ameuza mbuzi wake kupata mabati. Na nyuma ya vilima vya kwao kuna maporomoko ya maji ndani ya msitu ambayo hayaonekani kwenye simu ya mtu yeyote. "Kaka Mrisho," alisema, "njoo ulale kwetu, kesho twende tukayaone." Sikuhitaji kubembelezwa.

Kutoka Omurushaka kwenda Isingiro tulipanda mishikaki, Respicius mbele, mimi katikati na begi, Advera nyuma. Vilima huku havina haraka, kimoja kinakiachia kingine, na kila mteremko una migomba. Baada ya Nkwenda nilianza kuona vichaka vya majani mazito yanayong'aa chini ya migomba, na kwenye matawi yake punje nyekundu zimejipanga. Niliona mamia kabla sijauliza ni nini. Respicius alisimamisha pikipiki palepale ili acheke kwa usalama.

Isingiro, kwenye kibanja cha kina Advera, yaani shamba linaloizunguka nyumba, nilishika mbuni kwa mkono wangu. Nimeandika sentensi hiyo na bado inanifurahisha. Baba yake, Mzee Novatus, alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, ndivyo wanavyomkaribisha mtu. Nilitafuna taratibu. Mimi ninayejigamba kwamba naijua kahawa, sikuwahi kuionja hivyo. Jioni Advera alinifungulia kile chumba. Kitanda kilikuwa kipya, kandambili mpya zimewekwa mlangoni, na ukutani ameandika kwa rangi ya bluu: KARIBU MGENI.

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema, akaondoka haraka.

Alfajiri nilipoamka, mama yake alikuwa ameshaivisha. Ndizi na maharage, sinia limejaa, na maharage yenyewe yamekolea mafuta na vitunguu. Nilisema nitakula kidogo tu kwa kuwa tunatembea. Mama akaangalia pembeni kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu. "Nyumba hii mtu hatoki na tumbo tupu, mwanangu," alisema. Nikala. Akaongeza. Nikala tena, na sitadanganya, sikulazimishwa sana.

Njiani, baada ya kuiacha pikipiki kwenye nyumba ya mwisho na kuanza kupanda kwa miguu, ndipo Advera aliponiambia lililokuwa moyoni mwake. Nafikiri alisubiri tufike mahali ambapo nisingeweza kugeuka. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ni moja, nayo inapita katikati ya malisho ya mjane mmoja mfugaji, Mama Kenyangi. Zamani watu walipita tu. Halafu kikaja kikundi cha vijana kutoka mjini, wakaacha lango la ndama wazi, wakaogea na sabuni pale ng'ombe wanapokunywa. Mama Kenyangi akaziba njia kwa miti na miiba. Advera amemwendea mara nyingi kumwomba. Mwishowe mama huyo akamjibu: lete mgeni mmoja, nimwone, ndipo nitasema.

"Kwa hiyo mimi ndiye mtihani," nilisema.

"Ndiyo, kaka. Akikukataa wewe, basi. Nani atakuja kulala kwenye chumba changu aangalie migomba? Baba ameshaniambia atakifanya stoo ya kahawa."

Nilimkasirikia kidogo, sitaficha. Mtu huambiwa mapema kwamba atapimwa. Lakini nilipomtazama, niliona anavyouminya ukingo wa kanga yake, hasira ikaniisha. Nikamwambia anifundishe. Akanifundisha huku tukipanda: niamkie shikamoo nikiwa nimesimama mbali kidogo, niulize habari za ng'ombe kabla ya habari nyingine yoyote, nikipewa maziwa niyapokee kwa mikono miwili, niketi ndipo ninywe. "Na usikatae," Respicius aliongeza. "Kukataa maziwa yake ni kumwambia ng'ombe wake ni wabaya." Nilirudia yote kwa sauti mara kadhaa, Respicius akijifanya Mama Kenyangi na akinikosoa kwa mikogo.

Juu ya kilima migomba iliisha na nyasi zikaanza. Upepo ulikuwa mwingi. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wakitembea polepole, pembe zimepinda juu hata nikajiuliza wanapitaje mlangoni. Nyumba ya Mama Kenyangi ilikuwa na bati na kuta za saruji, redio ikiimba kwaya ndani, na zizi kubwa upande wa kulia. Nyuma ya zizi niliona lango la ile njia, limezibwa kwa miiba, na kwa mbali sana nikasikia kitu kama mvua inayonyesha mahali pengine.

Mama Kenyangi alitoka akiwa na fimbo mkononi na simu shingoni. Mrefu, mwembamba, macho hayatulii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanisubiri.

"Ng'ombe hawajambo?"

Hapo akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akamtazama Advera. "Umemfundisha." Lakini alijibu, tena kwa kirefu, ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, nani ana mimba na nani ameumia kwato. Kisha akatuketisha kwenye vigoda, akaingia ndani, akarudi na kibuyu kilichofukizwa moshi na kikombe cha mti. Akamimina. Harufu ya ule moshi na maziwa sijaisahau hadi leo. Nikapokea kwa mikono miwili. Nimeketi. Kila kitu kilikuwa sawasawa, nikajiona nimefaulu.

"Mama, subiri," Advera alisema.

Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nilishusha kikombe. Alikuwa amesimama, uso umebadilika, na Respicius ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu mchangani.

"Amekula maharage," Advera alisema. "Asubuhi. Kwetu. Nimesahau, mama. Mama yangu alimpakulia na mimi nikamwongezea chumvi."

Mimi sikuelewa. Baadaye ndipo Respicius alinieleza kwamba kwa wafugaji wa zamani wa huku, maziwa na maharage havikutani katika tumbo moja siku moja. Ikitokea hivyo, ng'ombe aliyekamuliwa ndiye anayeumia, kiwele kinavimba na maziwa yanakatika. Vijana wengi hawajali tena, wanakunywa chai ya maziwa na bagia za kunde. Ila Mama Kenyangi anajali. Advera alijua hilo tangu utoto wake. Alinifundisha kila kitu cha nyumba hii, akasahau cha nyumba yao wenyewe, ambako mgeni asipokula maharage ni wao wanaoaibika. Na angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Maharage yalikuwa tumboni mwangu, hayana mdomo.

Mama Kenyangi alinyoosha mkono, akachukua kikombe, akayarudisha maziwa kwenye kibuyu bila kumwaga hata tone. Akaingia ndani. Redio ikazimwa.

Tulikaa pale. Advera aliketi, akaanza tena kuuminya ukingo wa kanga yake. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyotegemea kuumia kwa mtu niliyemfahamu jana tu. Nililaani lile sinia la pili.

Mama aliporudi alikuwa na panga. Nakiri nilisimama. Akatupita, akaenda mpaka kwenye lango, akaanza kuvuta miiba pembeni.

"Mmetembea kutoka mbali," alisema bila kugeuka. "Nendeni mkayaone maji. Hilo la kuleta wengine sijajibu. Huyu mgeni maziwa yake yapo, ni ya kesho asubuhi. Aje hajala kitu."

Bondeni msitu ulitumeza mara moja. Juu nyasi kavu, chini giza la kijani, mizizi imelowa, mbega wakirukaruka juu yetu mikia myeupe ikining'inia. Mara mbili niliteleza nikakalia begi langu. Ile sauti ya mvua ilikua hadi ikabidi tuzungumze kwa kupiga kelele, na baada ya mwamba mmoja mkubwa tukayaona. Maji yanatoka kwenye ufa katikati ya majani, yanaanguka kwa hatua mbili, ya pili ni ndefu, kisha yanatulia kwenye dimbwi unaloweza kuona mawe yake yote. Mvuke wake ulitulowesha tukiwa bado mbali. Nilisimama nikasahau hata njaa, na wanaonifahamu watajua hilo lina maana gani.

Respicius aliingia majini na nguo. Mimi nikavua viatu nikamfuata mpaka magotini, maji yakinikata kwa baridi. Advera aliketi juu ya jiwe.

"Kwa nini ulisema?" nilimwuliza nilipoketi karibu naye.

Alifikiri. "Ng'ombe wake mmoja alitulea sisi. Mama yangu alipokuwa mgonjwa nilipokuwa mchanga, maziwa yalitoka pale. Sasa ninyamaze, kesho kiwele kivimbe, hata kama ni kwa sababu nyingine? Ningewezaje kupita pale na wageni?" Akatupa kijiti majini. "Lakini yameniuma, waitu, ndugu yangu. Yameniuma sana."

Jioni, tuliporudi Isingiro, mama yake Advera alisikiliza habari yote ameshika shavu. "Mawe!" alisema, yaani mama wee kwa lugha yao, kisha akakinyanyua chungu cha maharage akakipeleka jikoni kwa jirani, kama vile kingeweza kunirukia. Nilikula ndizi tupu na chumvi. Mzee Novatus hakusema lolote kuhusu stoo ya kahawa. Aliniletea punje nyingine za kutafuna, na akamletea binti yake pia, kitu ambacho Respicius aliniambia si cha kila siku.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kile kilima na tumbo tupu. Wasafiri wengine huandika juu ya milima waliyoshinda. Mimi naandika juu ya kilima hicho, na harufu ya ndizi za nyumba zote za njiani. Mama Kenyangi alikuwa akikamua tulipofika. Alinitazama machoni.

"Umekula nini?"

"Sijala, mama. Nimekunywa maji tu."

"Inaonekana," alisema, maana tumbo langu liliunguruma palepale mbele ya watu wote. Akacheka, kicheko cha ghafla, akamimina. Niliketi, nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka mwisho. Yalikuwa na joto la ng'ombe bado, na moshi, na utamu ambao sijui niufananishe na nini. Advera alisimama karibu na lango, mikono nyuma. Nililiangalia lile lango. Miiba ilikuwa bado pembeni, alikoitupa jana.

Mama Kenyangi alikichukua kikombe, akakitazama ndani kama kimeisha kweli, akamgeukia Advera.

"Huyo wa pili ukimleta," alisema, "usimlishe maharage."

Advera alishika nguzo ya lango. Kisha akapiga magoti kushukuru, na Respicius akapiga mluzi uliowashtua ndama.

Nimerudi Dodoma, kwenye kona yangu. Yule mwanafunzi nimemwambia kahawa ni mti, na safari hii namwangalia usoni. Kwenda mbali nilikuwa nikidhani ni kwenda kuona. Sasa najua kwamba nyumba unayopita inakuona wewe kwanza, na kuna mtu wa pale anayebeba dhamana yako ukiwa hujui, na kosa lako litakuwa lake. Nenda Isingiro. Lala kwenye chumba chenye maandishi ya bluu. Na asubuhi ukiamshwa, ukakuta sinia halina maharage, wala hakuna anayekuomba radhi kwa hilo, usinune. Funga kamba za viatu vyako. Siku hiyo unapelekwa kwenye maporomoko.