Dokta Apelekwa Buchani

Kuna watoto huzaliwa na alama shavuni; binti huyu alizaliwa na udaktari. Hata kitovu hakijadondoka, mama yake alishamkagua vidole na kutangaza kwamba hivyo ni vidole vya kushika sindano. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Dokta, na mama mtu, msusi hodari mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akajiita Mama Dokta bila kusubiri kupigiwa kura. Kibao juu ya mlango wa saluni yake kiliandikwa kwa rangi nyekundu: SALUNI YA MAMA DOKTA. Mwenye udaktari wake wakati huo alikuwa bado anakula udongo.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Dokta akawa amefaulu vizuri na kuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Mtaa haukungoja asome hiyo sayansi. Watu walianza kumletea majipu, mba, watoto wenye kamasi na vikohozi vya mwaka juzi. Asiye na haya kuliko wote alikuwa fundi viatu wa pale kona, ambaye ukucha wa kidole gumba cha mguu wake ulikuwa umezama nyamani. Kila Dokta alipopita, fundi alivua kandambili na kuinua mguu hewani, mteja awepo asiwepo. Dokta alimsihi aende hospitali. Fundi akamjibu kwamba hospitali kuna foleni, na ya nini kupanga foleni ilhali ana daktari wake anayempitia mlangoni.

Dokta alikuwa na matatizo mawili. La kwanza lilijulikana: akiona damu alizimia. Siku moja saluni, mkasi wa mama yake ulimgusa mteja sikioni, likatoka tone dogo tu, na Dokta akaenda chini pamoja na kiti. Mama yake hakumwinua. Aligeukia kabati kutafuta pamba, akakaa na kichwa chake humo kabatini mpaka mteja akajifuta mwenyewe. Watu walidhani pamba imepotea.

Tatizo la pili hakulijua mtu yeyote. Dokta hakutaka kuwa daktari. Alitaka kusoma historia. Alitaka kujua nani alifika wapi kwanza, nani alimdanganya nani, na kwa nini ukuta fulani ulijengwa pale na si hapa. Lakini kumwambia mama yake jambo hilo ni sawa na kupanda ngazi na kuufuta ule mwandiko mwekundu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo alilitegemea tatizo la kwanza limtatulie la pili. Mtu anayezimia hawezi kuwa daktari. Watu wazima watalibaini hilo wenyewe, yeye atabaki na sura ya huzuni, na mchepuo utabadilishwa bila mtu kukosana na mtu. Shule iliruhusu kubadilisha hadi siku ya kufungua, mradi mzazi afike mwenyewe.

Mama Dokta naye hakuwa mtu wa kushindwa na tone la damu. Likizo ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa na kaka mwenye bucha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema, na akapanga ratiba: asubuhi Dokta aende twisheni ya baiolojia kwenye gereji ya mwalimu mstaafu, mchana aende kwa mjomba wake akazoee damu. Kwa hesabu zake, mtoto atakayemaliza likizo katikati ya maini na matumbo ataingia kidato cha tano akiwa nusu amehitimu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angewaza hivyo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mjomba alikuwa pande la mtu, mwenye mikono kama magogo na moyo laini hata akalia harusini kabla bibi harusi hajafika. Siku ya kwanza alimpa Dokta aproni, akainua shoka, akalishusha kwenye mguu wa ng'ombe. Aliposikia kishindo cha pili akageuka. Dokta alikuwa ndani ya beseni la kwato.

Mjomba alimlaza chali sakafuni, akainua miguu yake juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamlegeza kola na kuwafukuza wateja mlangoni ili hewa ipite. Alipozinduka, mjomba alimpa maji akamwuliza kama kweli anautaka huo udaktari. Dokta alitazama pembeni. Mjomba hakuwa mtu wa vitabu, ila aliishi na dada yake utoto mzima, na alijua mtu anayemwogopa anavyotazama pembeni.

"Tufanye hivi," alisema. "Shule ikikaribia na wewe bado unaanguka, nitakwenda kumwambia dada mimi mwenyewe. Atanitukana, lakini kuzoea nimezoea."

Dokta alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepewa likizo ndani ya likizo. Kazi yake sasa ilikuwa kuzimia, na kuzimia alikuwa na kipaji nacho. Alianguka kwa figo, akaanguka kwa utumbo, akaanguka kwa kichwa cha mbuzi kilichomtazama vibaya. Mjomba aliweka gunia la maranda nyuma yake ili asiumie, na wateja wakawa wanauliza wakiingia kama leo tayari au bado.

Tabu ni kwamba bucha ina foleni, na Dokta hakuweza kukaa karibu na foleni bila kuihoji. Alianza na mzee mmoja aliyekuja kununua mifupa, akamwuliza jengo hili lilikuwa nini kabla ya bucha. Mzee akasema lilikuwa posta. Nyuma yake bibi mmoja akaguna kwamba posta gani, hapa palikuwa mahabusu, yeye mwenyewe alimletea marehemu mumewe chakula dirishani. Mtu wa kawaida angecheka na kumaliza. Dokta alimwuliza bibi dirisha gani, akamwuliza na mzee sanduku la barua lilikaa upande gani, kisha akasema hatamwamini yeyote kati yao mpaka apatikane shahidi wa tatu. Siku iliyofuata walikuja na mashahidi wao. Ugomvi ukanoga, foleni ikafika barabarani, na nyama ikaisha kabla ya saa yake. Mjomba hakuelewa historia inaingiaje, lakini aliielewa foleni.

Ni katikati ya ugomvi huo ndipo balaa lilipotokea. Dokta alikuwa akimsikiliza shahidi wa bibi, ambaye alidai kwamba jengo lilikuwa posta na mahabusu kwa pamoja, barua mbele na wezi nyuma. Alipotazama chini, alikuta mikono yake inakata ini. Ilikuwa imekata karibu lote, vipande sawasawa, na damu imefika vifundoni mwa mikono. Alingoja kizunguzungu. Hakikuja. Alivuta pumzi, harufu ya damu ikamjaa puani, akangoja tena, na kitu pekee alichosikia ni njaa.

Yamemfika shingoni. Afanyeje? Akafanya alichoweza: alikitua kisu taratibu, akalisogeza beseni la ini lisimwagike, akakusanya sketi, akatoa mlio mdogo na kujiachia juu ya gunia la maranda. Wateja walimpisha hewa kwa mazoea. Mjomba alikuja akachuchumaa karibu na sikio lake.

"Mpwa wangu," alimnong'oneza, "anayezimia hasogezi beseni."

Dokta alifungua jicho moja. Mjomba hakucheka. Alimwambia kwamba ahadi ni ahadi, na yeye aliahidi kwenda kumwambia dada yake kwamba mtoto anaanguka. Mtoto haanguki tena. Kama kuna jambo jingine la kusemwa, basi mdomo wa kulisema anao mwenyewe. Dokta alibaki pale juu ya maranda akiwa na hasira na mjomba, na mikono yake, na yule shahidi wa bibi. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuukosa woga wake hivi, kama mtu aliyeibiwa mwavuli siku ya mvua.

Siku zilizobaki alikata nyama kimya. Kila jioni alijikaza kusema, na kila jioni mama yake alimwuliza damu vipi, naye akajibu inaendelea.

Shule ilipobakisha siku chache, Mama Dokta alifunga saluni mchana kweupe na kwenda buchani kujionea. Hakwenda peke yake. Aliwabeba wateja wawili ambao nywele zao zilikuwa bado kwenye rola, ili awe na mashahidi wa ushindi wake. Walipoingia, Dokta alikuwa ameushika moyo wa ng'ombe mkononi, ameupasua kati, anamwonesha yule bibi wa mahabusu kwamba hauna kasoro na haujalala. Aligeuka nao.

"Karibu, mama," alisema.

Mama Dokta aliutazama moyo. Alifungua mdomo ajibu, macho yakampanda juu, akaenda chini na pochi yake, mwavuli wake na sifa zake zote. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na kilo nzima ya moyo.

Wateja wa rola walipiga mayowe. Mjomba alisimama tu na shoka mkononi. Dokta ndiye aliyeruka kaunta. Alimlaza mama yake chali, akafudikiza ndoo, akainua miguu yake juu, akamlegeza kola, akawatoa wateja wote mlangoni. 

Mama Dokta alipofumbua macho aliitazama miguu yake iliyokaa juu ya ndoo, kisha sura ya binti yake, na akaanza kulia bila kujifunika. Akasema pale sakafuni jambo ambalo hata kaka yake hakuwahi kulisikia. Usichanani alichukuliwa kwenye mafunzo ya uuguzi. Siku ya kwanza wodini waliwaonesha kidonda, akamwangukia muuguzi mkuu kifuani. Alirudi nyumbani akasema mafunzo yameahirishwa, akashika kitana, kwa kuwa nywele zikikatwa hazitoki damu.

"Nilikuombea tu usiwe kama mimi," alisema. "Na umeona? Umeweza, mwanangu. Umeweza."

Dokta angekubali kupigwa kuliko kusikia maneno hayo wakati huo. Alimpenda mama yake. Na hapo hapo akajua kwamba asiposema leo, atakuwa daktari maisha yake yote.

"Nimeweza, mama. Lakini sitaki. Kuogopa kumeisha, kutotaka kumebaki palepale."

 Mama akauliza kwa sauti ndogo anataka nini basi. Dokta akasema historia. Mama Dokta akafumba macho tena na kumwomba kaka yake ainue ile miguu kidogo zaidi.

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Kibao kilishaandikwa," Dokta alisema. "Kabla sijajua kusoma."

 Bibi wa mahabusu, aliyekuwa amechungulia mlangoni muda wote, alilipia moyo wake akaondoka. Mjomba alijifuta macho kwa aproni yenye mafuta, akaonekana vibaya zaidi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama na binti. Mama alionekana mfupi kuliko alivyokwenda. Alikuwa na uchungu na hakuuficha. Alitembea akipenga kamasi, na kila alipoulizwa habari na jirani alijibu nzuri kwa sauti ya msiba. Walipokaribia kona aliushika mkono wa binti yake, ule wenye damu iliyokauka kwenye kucha, akautazama, akameza mate, na hakuuachia.

Pale kona, fundi viatu aliwaona wakija. Akavua kandambili, akainua mguu hewani kama kawaida yake, akasema leo ukucha umemwamsha mapema.

Mama Dokta alisimama. Alimtazama fundi, akautazama ule mguu, kisha akatazama mbele, upande wa saluni, ambako maandishi mekundu yalisomeka hata kwa mbali.

"Nenda hospitali, jirani," alisema. "Hapa kwetu hakuna daktari."

Fundi alimgeukia Dokta, akangoja acheke. Alipoona hakuna anayecheka, aliushusha mguu wake polepole na kuanza kuitafuta kandambili yake.