Mzee Tumpale na Kitabu cha Radi

Mzee Tumpale alibeba magunia mpakani Tunduma miaka ishirini na sita, hadi goti la kushoto likagoma. Aliporudi kwao Hasamba kulima kahawa alikuja na godoro, redio mbovu na kitabu cha katuni alichopewa na dereva mmoja wa Zambia. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake yeye kilikuwa cha kupatania bei tu.

Mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, ndimi niliyemsomea. Kilihusu mungu wa radi wa watu wa kale wa nchi za barafu: kwanza kijana mgomvi mwenye nyundo, kisha mtu mzima mwenye majukumu, mwishoni kikongwe mwenye ndevu nyeupe, anayechechemea. Mzee alicheka mpaka machozi.

"Mwalimu, huyu si mimi? Huyu wa kwanza ni mimi nikiwa kuli. Na huyu wa mwisho, tazama mguu!"

Akawaonyesha watu kilabuni, wakacheka naye. Hakuwa na mke wala mtoto. Kitabu kile ndicho kilichomletea wageni.

Januari radi ikampiga Clever, mtoto wa Erica, jirani wa Mzee, akipalilia mahindi. Huku kwetu radi haiui mtu hivihivi; lazima kuna aliyeituma. Nawajua watu wangu, na siku ile niliwachukia. Tulipotoka makaburini kitabu kilikuwa mikononi mwa vijana, na Mzee amesimamishwa katikati ya uwanja.

"Ulisema huyu ni wewe?" Amoni, baba mdogo wa marehemu, alimuuliza.

"Nilisema, mwanangu. Nilikuwa natania."

"Mwalimu, hebu tusomee."

Nikasema ni hadithi ya kutungwa, ya watu wa mbali, haituhusu. Nilisema mengi, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Amoni akanikatiza.

"Hatujakuuliza hayo. Huyu mzee wa kwenye picha, anarusha radi au harushi?"

Erica alikuwa ananitazama. Nyuma yake mtu akauliza ni nani hasa aliyekuwa akimsomea Mzee mambo haya.

"Anarusha," nikasema.

Walibomoa nyumba yake kabla jua halijazama, wakang'oa na mibuni. Hawakumpiga, na wanajisifia hilo mpaka leo. Alipita kwangu na godoro kichwani. "Usijali, Mwalimu," aliniambia, "umesoma kilichoandikwa." Afadhali angenitukana.

Alikwenda Ibaba kwa dada yake, kwenye baridi kali, akafa mwezi wa tano. Katika kijiji kizima, habari za msiba zililetwa kwangu peke yangu. Sikwenda kumzika. Niliogopa Amoni angesikia.